“Mtoto” wa Miaka 35

Wanaisimu wamejadili sana “kiwete” na “kipofu” kutiwa katika ngeli ya KI-VI. Neno linalonikera mimi ni “mtoto”. Mwenye ulemavu hata akitimiza miaka 35, mwenye nyumba humwuliza mamaye, “Mtoto wako atapandaje ngazi?” Daktari naye humweleza mama ugonjwa, ilhali mgonjwa yupo papo hapo, anasikia! Akiitwa mtoto, mzigo ni wa mama anayezeeka. Akiitwa raia, serikali hudaiwa: Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya afya na makazi yanayofikika. Inua Jamii huipa familia ya mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zikiishia kwenye teksi ya kliniki, kodi italipwa kwa nini?