Nauli Haina Cc

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, picha iliingia kwenye simu za vijana wa kijiwe cha njia panda ya Sanya Juu, hapa Bomang'ombe. Pikipiki nyekundu, kioo kimelala mbele, taa mbili kali kama macho ya paka mwenye hasira, mkia umeinuka, na ubavuni namba: 180. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba inaingia Tanzania Disemba, bei ya boda, mwendo wa ndege. Nani aliandika? Hakuna aliyeuliza. Kufika jioni pikipiki ile ilikuwa na jina, bei, rangi tatu, na binamu ya mtu aliyeiona kwa macho yake bandarini Dar es Salaam.

Mwezi uliofuata mdogo wangu aliuza ya kwake.

Naomba ueleweke uzito wa alichouza. Ilikuwa ya cc 125, si nzuri wa kutazama, kiti kimeshonwa mara mbili, lakini kadi ilikuwa na jina lake. Alikuwa ameimaliza mkataba. Kwa asiyejua, mkataba ni hivi: tajiri ananunua pikipiki, kijana anamletea hesabu kila siku kwa mwaka na miezi kadhaa, mvua inyeshe, malaria impande, trafiki amkamate, na akifika mwisho bila kuteleza chombo kinakuwa chake. Wengi hawafiki. Huku kwetu, kijana wa kijiweni mwenye kadi ya jina lake ni kama mtu aliyerithi kihamba.

Pesa aliipeleka mjini kama kianzio cha hiyo 180. Disemba ikafika. Kama umewahi kukaa Kilimanjaro unajua Disemba ni nini: Wachaga wanarudi nyumbani na mabegi, na watoto wasiojua njia ya kwa bibi yao, na boda halali. Mapato ya wiki mbili zile yanalipa ada ya Januari. Mdogo wangu alizitazama zikipita akiwa amekaa kwenye benchi, siku nyingine akipewa deiwaka ya saa mbili tatu mwenzake akienda kula. Pikipiki nyekundu haikuja Disemba, wala Januari, wala Februari. Kianzio kilirudi vipande vipande, na vipande vingine havijarudi mpaka leo. Machi akasaini mkataba mpya wa pikipiki ya cc 150: shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14. Hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya milioni 4 na laki 2, kwa chombo ambacho dukani kilikuwa milioni 3 na ushee.

Mimi ninasoma shahada ya uzamili, na mada yangu haihusu pikipiki hata kidogo. Pale kijiweni wananiita dada msomi, na wakiniita hivyo najua wanataka ninyamaze. Sinyamazi, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa nyuma. Nimepakiwa na 100, nimepakiwa na 125, nimepakiwa na 150, na katika miaka yote hiyo hakuna dereva aliyewahi kuniambia, "Dada, ongeza mia tano, hii ni cc kubwa." Kutoka stendi hadi nyumbani ni nauli ileile. Nauli haina cc. Petroli ndiyo inayo.

Cc yenyewe ni nini? Ni ujazo, nafasi ambayo pistoni inaifagia ikipanda na kushuka ndani ya silinda. Ni ukubwa wa sufuria, na sufuria haikuambii wali umeiva. Chukua Boxer 150, ambayo kijiwe kizima kinaapa kwayo. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56 na inasafiri milimita 58.8, piga hesabu ya darasani upate 144.8. Kwa hiyo hiyo 150 si 150, na hakuna aliyewahi kudai chenji. Sasa iweke kando ya Yamaha R15, ile ndogo yenye sura ya pikipiki za mashindano. Hiyo ina 155. Tofauti ni cc kama 10 tu, lakini R15 inatoa nguvu za farasi 18 hivi, na Boxer kama 12. Hapo ndipo vijana wanaruka juu: "Unaona, dada?" Naona. Naona pia kwamba farasi hao wa ziada wanapatikana injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, ikilia kama nyigu kwenye chupa. Nani anaendesha mizunguko 10,000 akiwa na mama mjamzito nyuma na debe la mahindi mbele? Boxer mvuto wake uko chini, kwenye mizunguko kama 5,000, pale mtu anapoanza kupanda na mzigo. Injini mbili, ujazo karibu sawa, na kazi mbili tofauti kabisa. Namba ya ubavuni haikukuambia lolote kuhusu hilo.

Na kupanda kwenyewe hatukuulizwi. Boma iko chini, kwenye joto na vumbi. Geti la Machame liko karibu meta 1,800 juu ya bahari. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyopata hewa haina nguvu: kila meta 1,000 unapoteza karibu sehemu moja ya kumi. Kama ni ya kabureta, inaendelea kumimina petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, ndiyo maana zinafika juu zikitoa moshi mweusi na tenki limeshuka. Hilo si jambo la siri, fundi yeyote analijua. Lakini sijawahi kuona likisambazwa WhatsApp.

Dereva wa hapa ana njia tatu, na kila njia inadai chombo chake. Ukiwapeleka watalii Chemka kuogelea, ni vumbi na mawe: unataka pikipiki nyepesi unayoweza kuiinua ikianguka, na 100 au 125 inakutosha kabisa. Ukishusha ndizi kutoka Machame hadi Kwa Sadala, mlima na mzigo vinadai 150, au 125 iliyobadilishwa sproketi ya nyuma ikawekwa yenye meno mengi. Kazi hiyo fundi anaimaliza kabla hujamaliza bakuli la mtori, na haihitaji mkataba. Ukienda Moshi kwa barabara kuu, kilomita kama 25 kati ya malori na mabasi, basi hapo nakubali: injini ndogo inayokabwa mwanzo hadi mwisho inakula ringi na kunywa mafuta kuliko kubwa inayotembea kwa raha. Kwa hiyo asije mtu akasema ninawaambia watoto wa maskini wabaki na 100 ili wakae mahali pao. Hao nawajua pia, wako chuoni kwangu. Wanawazungumzia bodaboda kama mbu wa malaria, kisha mhadhara ukiisha wanampigia mmoja simu aje kuwachukua.

Ninachokataa ni kuanza na namba. Kijana anayeweza kukutajia mwendo wa mwisho wa pikipiki ambayo haijatengenezwa, muulize leseni yake ni daraja gani. Leseni zetu zenyewe zimekata mstari kwenye cc 125: A1 chini yake, A juu yake. Nilipouliza kijiweni, wawili walijua. Mwendo unaoruhusiwa ndani ya mji ni 50, na hata Boxer 100 inaufikia bila kukohoa.

Na ugonjwa huu si wa Boma peke yake. Mwaka 2006 Yamaha ilitoa R6, cc 599, ikitangaza kwamba injini yake inafika mizunguko 17,500 kwa dakika. Ikaja kuonekana kwamba saa ya kwenye usukani ilikuwa ikitangulia injini; ukweli ulikuwa karibu 16,200. Kampuni ikakubali kuzinunua tena pikipiki za waliojiona wamedanganywa. Nafikiria wale wanunuzi. Wangapi waliwahi kufika huko kwenye 17,000? Walinunua namba. Miaka ya karibuni watu wakabashiri R9, kila msimu na picha yake ya kuchora, hadi ilipotoka kweli Oktoba 2024 ikiwa na cc 890 na silinda tatu. Sawa, kusubiri kuna raha yake. Ila mtu wa Ulaya akisubiri toleo jipya anakosa matembezi ya wikiendi. Mdogo wangu alikosa Disemba.

Uvumi huu una wanaoula. Dalali anapokea vianzio vya chombo ambacho hakipo. Tajiri mwenye pikipiki za mkataba anapata kijana aliyekuwa huru na sasa amerudi kuleta hesabu. Muuza 125 kuukuu ananunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mwenye haraka. Kila picha inayotumwa tena ni kazi ya bure anayofanyiwa mtu fulani, na wanaoifanya ni wale wanaolipa.

Nakiri jambo moja. Jumapili nyingine pikipiki kubwa za michezo hupita kutoka Arusha, nne au tano pamoja, na mlio unafika kabla yake. Kijiwe kizima husimama. Hata mimi husimama. Kinapita kitu kizuri, na kwa sekunde tatu hakuna anayedaiwa.

Krismasi iliyopita mdogo wangu alinipakia kwenda Machame kumsalimia bibi. Safari hii alikuwa na chombo, na alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri. Tulipanda kwa gia ya pili, moshi kidogo, tukafika. Kurudi, bibi alitufungia mkungu wa ndizi nyuma yangu, ukawa unanichoma mgongoni kila kwenye tuta. Kwa Sadala alisimama kujaza upepo, na simu yake ikalia. Akaitoa. Picha: ya kijani, 250. Aliikuza kwa vidole, akaangalia taa, akaangalia bomba la moshi, akanionyesha.

"Hii ni ya kweli, dada."

Nilimuuliza amebakiza siku ngapi za mkataba.

"Mia na arobaini na tano," alisema bila kufikiri. Akairudisha simu mfukoni, akapiga kiki.