Mama Mtu Mzima Juu ya Baiskeli



Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikuwa natoka Nansio kwa baiskeli kuelekea msitu wa Rubya, huku kisiwani Ukerewe. Kijana mmoja mwenye pikipiki akanipita, akapunguza mwendo, akanitazama vizuri, kisha akauliza kwa heshima zote: "Shikamoo mama. Kwani pikipiki ya nyumbani imeharibika?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Pikipiki ni nzima, aliyeharibika ni mimi." Hakunielewa. Akanitakia safari njema, akaondoka, vumbi akaniachia.

Naomba nimjibu leo katika ukurasa huu, kwa sababu swali lake ni letu sote. Siku hizi mtu mzima akionekana juu ya baiskeli, watu huona huruma. Hudhani amefilisika.

Nilifanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikwenda kazini kwa baiskeli, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Nilipostaafu, wanangu kwa upendo wao waliniambia nimetumika vya kutosha, sasa nikae. Nikakaa kweli. Sokoni nilipelekwa kwa pikipiki, kanisani kwa pikipiki, hata msibani nyumba ya tano nilipelekwa kwa pikipiki. Miaka miwili haikuisha nikapimwa shinikizo la damu likawa 160 kwa 100. Mimi niliyewapima wengine maisha yangu yote! Daktari aliniandikia vidonge, na ninavimeza hadi leo. Lakini kabla sijatoka aliniuliza: "Mama, zamani ulikuwa unakwendaje kazini?"

Zamani sisi wauguzi tulizoea kuyaita shinikizo na kisukari magonjwa ya wakubwa wa mjini. Sasa yako vijijini, katika jumuiya zetu, na wengi wanayo bila kujua kwa kuwa hawajapimwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima autumikishe mwili wake kwa kadiri ya dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Anayekwenda kwa baiskeli sokoni na kurudi huweza kuzimaliza bila hata kuziita mazoezi.

Najua kuna atakayesema, "Sisi tunalima, tuna haja gani na mazoezi?" Ni kweli, mwenye kushika jembe toka alfajiri hana deni. Simsemi yeye. Namsema mwenye duka, mwalimu, karani, fundi cherehani, na huyohuyo kijana wa pikipiki anayekaa juu ya kiti kutwa nzima. Namsema pia mama mwenye magoti mabovu anayeshindwa kutembea mbali, kwa maana juu ya baiskeli uzito wa mwili hubebwa na kiti, na magoti hupata nafuu.

Tena sisi tumejaliwa njia. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria, na njia zake nyingi ni za udongo na changarawe. Unapita kwenye mihogo na michungwa, mara mawe makubwa yale yaliyopandana, mara dagaa walioanikwa mchangani, na ziwa halikuachi mbali. Ukiingia Rubya jua linakatika ghafla. Miti mirefu iliyopandwa hapo inashuka mpaka karibu na maji, upepo unatoka ziwani, na gurudumu linapita juu ya majani makavu bila kelele. Mimi hushuka hapo nikakaa kidogo. Sina kipimo cha kuonyesha moyo unapata nini katika kimya kile, lakini usiku wa siku hiyo nalala.

Jambo la kuchekesha ni kwamba njia hizi tunazozilalamikia, wenzetu wanazitafuta kwa fedha. Mwaka 2006, huko Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, watu wachache walianza mashindano ya baiskeli ya maili 200, yaani kilomita 320 hivi, kwenye barabara za kokoto tupu. Leo wanaokwenda ni maelfu. Mwaka 2022 ubingwa wa dunia wa barabara za changarawe ulifanyika kwa mara ya kwanza, nchini Italia. Sisi changarawe tunayo mlangoni, na tunaona aibu kuikanyaga kwa baiskeli.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba njia ya vumbi haina hatari. Mwaka huohuo wa 2022 Mkenya Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli hodari aliyewafungulia njia vijana wengi wa Afrika Mashariki, alifariki kwa ajali katika mashindano ya aina hiyo huko Vermont, Marekani. Ikiwa changarawe ilimshinda bingwa, sisi tutashuka milima kwa kiburi gani? Kwenye mteremko ukiibana breki ya mbele kwa ghafla, gurudumu linateleza na wewe unakwenda na uso. Anza na ya nyuma, polepole, kabla mwendo haujakuwa mkubwa. Na kofia ngumu si ya wenye pikipiki peke yao. Nimeshona vichwa vingi, najua ninachokisema.

Mimi mwenyewe nilianguka. Haikuwa changarawe, ilikuwa kanga. Pindo liliingia kwenye spoku za nyuma, nikajikuta chini na baiskeli juu yangu, mkono umechubuka hadi kiwiko. Tangu siku hiyo navaa suruali pana ndani na gauni fupi kidogo juu yake. Wenzangu wa jumuiya walinicheka wiki mbili. Sasa wawili kati yao wamekuja kuniuliza fundi aliyenishonea ni nani.

Hatari ya pili ni maji yenyewe, na hapa naomba nisikilizwe. Ukifika ufukweni umelowa jasho, maji yanakuita uoge, unawe uso, uoshe baiskeli. Usiingie. Kichocho cha tumbo kipo ziwani humu. Konokono wadogo wa majini huachia viini visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, hasa pale penye maji ya kina kifupi na majani, na hasa jua likiwa kali. Mtu hahisi kitu, au anawashwa kidogo tu. Miaka mingi baadaye ndipo ini na bandama vinavimba, tumbo linajaa maji, na wengine wanatapika damu. Nimewauguza watu wa namna hiyo, tena wengine bado vijana. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, nayo hufanya kazi vizuri, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho akirudi majini. Chukua maji yako ya kunywa yaliyochemshwa kutoka nyumbani. Ya kuogea, yateke, yaweke katika chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, au yachemshe, ndipo uoge.

Mengine ni madogo. Kiti kisiwe chini mno kama wengi wetu tunavyokiweka ili miguu iguse ardhi. Kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu, vinginevyo ndilo litakaloumia. Mwenye kisukari anayechoma insulini awe na kitu cha sukari mfukoni. Mwenye kubanwa kifua njiani ashuke na aende kupimwa, asijikaze. Na anayemeza dawa za shinikizo asiache kuzimeza kwa sababu amenunua baiskeli.

Nimebakiza jambo moja, ambalo kina baba hawapendi kulisikia. Katika nyumba nyingi baiskeli ni ya baba, akifuatiwa na kijana wa kiume. Binti anakwenda shule kwa miguu na kurudi amechoka, kisha anatumwa maji. Ukiuliza sababu, wazazi wananong'ona kwamba baiskeli humharibu msichana. Nimekuwa mkunga, na nasema wazi: si kweli. Baiskeli haimwondolei binti usichana wake wala haimzuii kuzaa. Kama ingekuwa hivyo mimi nisingekuwa na watoto watano.

Mjukuu wangu wa miaka kumi anajifunza sasa kwa baiskeli ya babu yake, ile ndefu ya chuma. Kiti hakifikii, kwa hiyo anapitisha mguu chini ya lile bomba la katikati na kukanyaga amejipinda upande, kama sote tulivyojifunza. Baba yake aliikemea mara ya kwanza. Mara ya pili alinyamaza. Jumapili iliyopita, tulipotoka Misa, nilimkuta ameinama akimkazia breki.