Wanauza taa, wanaficha dirisha

Hivi jamani, nani alianzisha hii habari kwamba ukitaka kulima uyoga ndani ya nyumba lazima uwe na taa ya bei mbaya na chumba kilichozibwa kama kaburi? Nauliza kwa hasira kabisa, na hasira zenyewe zina sababu.

Shangazi yangu anaishi Mbagala. Ni mjasiriamali kama akina mama wengi wa Dar: maandazi amekaanga, batiki amechovya, kuku amefuga. Februari 2024 akaenda semina ya siku moja ya kilimo cha uyoga. Akalipa kiingilio, akarudi na cheti, mbegu, na kile walichokiita "pakeji": taa 4 za mwanga wa zambarau, kila moja wati 100, pamoja na roli la nailoni nyeusi. Mwalimu aliwaambia uyoga ni mtoto wa giza, kwa hiyo wazibe madirisha yote. Ukianza kuchipua, wawashe taa saa 12 kila siku.

Uyoga ulitoka kweli, ila shingo ndefu kama twiga na kofia ndogo kama kifungo cha shati. Mteja aliyekuwa ameahidi kununua akaangalia, akacheka, akaondoka. Mifuko mingine ikashika ukungu wa kijani. Shangazi akampigia mwalimu simu. Jibu? "Mama, mwanga hautoshi, ongeza taa nyingine." Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

Sasa twende taratibu. Uyoga si mmea. Mchicha unajipikia chakula kwa jua kwa sababu una ukijani kwenye majani. Uyoga hauna. Chakula chake kimo ndani ya mfuko: mabua ya mpunga, pumba za pamba, majani makavu ya migomba. Mwanga kwake ni ishara tu, ya kuuambia kwamba sasa umefika nje, fungua kofia. Kwa mamama, huu uyoga ambao wengi wetu tunaulima, kanuni ni rahisi: kama unaweza kusoma gazeti humo chumbani bila kukaza macho, mwanga unatosha. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja linatosha. Huna dirisha? Balbu moja nyeupe ya LED ya wati 9 inakitosha chumba kidogo.

Na hilo giza? Ni kweli kwamba utando mweupe unaposambaa ndani ya mfuko hauhitaji mwanga. Lakini kutohitaji mwanga ni jambo moja, na kuhitaji giza ni jambo lingine. Unachoogopa ni jua kali linalochemsha na kukausha. Sasa mtu anakwambia uzibe madirisha kwa nailoni nyeusi, mwezi Februari, chini ya bati la Mbagala! Mifuko yenyewe inatoa joto utando ukiwa unakula. Hapo hujajenga shamba la uyoga, umejenga tanuri.

Tupige hesabu ya LUKU, maana ndiyo lugha tunayoielewa wote. Wati 400 kwa saa 12 ni yuniti 4.8 kwa siku. Kwa siku 30 ni yuniti 144. Balbu ya wati 9 kwa saa hizo hizo haifiki yuniti 3.3 kwa mwezi. Na umeme wote ule wa taa kubwa unaishia kuwa joto humo humo chumbani, joto ambalo shangazi alikuwa akihangaika kulipunguza kwa kumwaga maji. Analipia ugonjwa, kisha analipia dawa.

Kumbe kilichoutesa uyoga wa shangazi ni hewa. Uyoga unapumua kama mimi na wewe: unavuta oksijeni, unatoa hewa ya ukaa. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni. Mamama unapochipua unataka isizidi sehemu 1,000 hivi. Ikizidi sana, shingo inarefuka kama mtu anayetafuta upenyo kwenye daladala iliyojaa, na kofia inadumaa. Ni kweli giza totoro nalo huharibu umbo la uyoga, lakini shangazi alikuwa na wati 400 kichwani! Mwalimu aliambiwa dalili ya kukosa pumzi, akauza taa nyingine.

Basi anayetaka kuanza achague hewa kwanza. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 22.5. Wakati wa kuchipua, hewa ibadilishwe mara 4 mpaka 6 kwa saa, yaani mita za ujazo 90 mpaka 135. Feni ndogo ya kutoa hewa chooni, ya tundu la sentimita 10, nyingi huandikwa karibu 90 kwa saa. Ukiweka wavu inapungua nguvu, kwa hiyo nunua inayofuata kwa ukubwa. Huna hela ya feni? Toboa tundu chini upande unaotoka upepo, na jingine juu upande wa pili, maana hewa ya joto hupanda. Yote mawili yawekwe wavu laini kuzuia vijinzi.

Najua utasema, "Nikifungua, unyevu utakimbia." Hoja ya haki hiyo. Mamama unataka unyevu wa asilimia 80 mpaka 90. Lakini unyevu unaletwa na maji, hauletwi na hewa iliyochacha. Mwaga mchanga sakafuni uuloweshe. Tundika gunia bichi mbele ya tundu la chini, hewa ipite hapo. Kwa mtu wa Dodoma, gunia hilo litapoza chumba vizuri. Kwa Dar halitapoza sana kwa sababu hewa yetu tayari ina maji mengi, lakini basi unyevu wenyewe una shida ndogo. Hewa iliyotuama juu ya maji ndiyo karamu ya ukungu wa kijani.

Na sasa lile linaloniuma zaidi. Mamama ukikomaa, ukingo wa kofia unapoanza kunyooka na kujikunja juu, unamwaga vumbi la mbegu kwa mamilioni. Vumbi hilo likivutwa kila siku katika chumba kisicho na hewa, mapafu ya baadhi ya watu yanakasirika: saa chache baada ya kazi unapata homa, baridi, kikohozi, kifua kinabana. Duniani wakulima wa uyoga wanalijua gonjwa hili, na likiachwa kwa muda mrefu linaweza kuyaharibu mapafu moja kwa moja. Sisi hapa homa na baridi ni malaria tu. Shangazi alipima malaria mara 2, hakuna kitu. Mimi si daktari na siwezi kusema alikuwa na nini. Nasema hivi: kwenye ile semina hakuna aliyemwambia avae barakoa, avune kabla kofia hazijanyooka, au amwambie daktari kwamba anafanya kazi na uyoga. Taa ziliuzwa. Dirisha halina faida kwa muuzaji, kwa hiyo halikutajwa.

Shangazi ameng'oa nailoni. Ameweka wavu, gunia na balbu moja. Mavuno yaliyofuata kofia zilijaa kiganja. Akanionyesha, akasema, "Mwanangu, kumbe nilikuwa naunyonga."

Ukienda semina yoyote ya uyoga, nyoosha mkono kabla hujatoa hela. Uliza: hewa inaingia wapi, na inatoka wapi? Mwalimu akianza kukuonyesha taa, chukua mkoba wako uondoke.

Naomba kutoa hoja.