Kuhama Benki: Nani Anamlipa Nani?

Aliyewahi kuketi katika majilisi ya walimu mwisho wa mwezi anaifahamu fika ziara hii. Vijana wawili watanashati huingia wakati wa chai ya saa nne, wakagawa kalamu na kalenda zenye nembo ya benki yao, kisha wakaomba dakika kumi tu. Ujumbe wao ni ule ule: walimu wetu wapendwa, hamishieni mishahara yenu kwetu, nasi tutawalipia madeni mliyo nayo kwingineko, na juu ya hayo kila mmoja ataondoka na kitita mkononi. Mwalimu ambaye mwanawe amefukuzwa shuleni kwa sababu ya karo hachelewi kuuliza pa kutia sahihi.

Waama, si kosa mtu kuihama benki. Fedha ni zake, na hakuna aliyefunga ndoa na benki. Swali ninalotaka tulitafakari, hasa walimu na wanafunzi wanaojiandaa kuajiriwa, ni hili: kitita hicho anachokabidhiwa mhamaji hutoka katika mfuko wa nani?

Tuitazame kwanza nchi ambako biashara hii imekomaa. Nchini Uingereza, watu walikuwa wakishikamana na benki zao hata zikiwahudumia vibaya, kwa kuwa kuhamisha akaunti kulikuwa kazi ya majuma kadhaa yenye hofu tele. Je, mshahara ukipotelea njiani? Je, bili ya umeme isipolipwa? Tume iliyoongozwa na mwanauchumi John Vickers ilipendekeza mwaka 2011 kwamba kikwazo hicho kiondolewe, na mnamo Septemba 2013 ukaanzishwa mpango ambao kwao benki mpya humhamishia mteja kila kitu kwa siku saba za kazi: salio lake, mshahara wake na maagizo yake yote ya malipo. Fedha zikitumwa kwenye akaunti ya zamani, huelekezwa kwenye mpya. Kukitokea hitilafu katika uhamisho huo, hasara si ya mteja.

Baada ya hapo benki za huko zilizidi kushindana kwa zawadi. Mhamaji huahidiwa pauni 100, 150, hata 200. Masharti hayakosi, kwa mfano kupitisha kiasi fulani cha fedha katika akaunti mpya na kuhamia na angalau maagizo mawili ya malipo ya kila mwezi, lakini akishayatimiza, fedha ni zake. Hazirejeshwi, wala hazitozwi riba. Wapo Waingereza wanaohama tena na tena kama korongo wafuatao mvua, wakivuna zawadi hapa na kuondoka kwenda kuvuna pale, na hakuna anayewashutumu.

Hata huko, hata hivyo, benki hazigawi sadaka. Mnamo 2016 mamlaka ya kusimamia ushindani wa kibiashara nchini humo ilibaini kwamba ni takribani asilimia 3 tu ya wateja waliokuwa wakihama kwa mwaka. Waliobaki ndio waliozoa gharama. Na mwaka 2020 benki nyingi ziliweka riba ya karibu asilimia 40 kwa mteja anayetoa fedha kupita salio lake. Mwenye nafasi ya kuhamahama hupokea zawadi. Aliyeishiwa kabla ya mwisho wa mwezi huichangia bila kujua.

Sasa turudi nyumbani. Kitita anachokabidhiwa mwalimu wa Kenya katika mpango wa kununuliwa deni si zawadi. Ni mkopo juu ya mkopo. Tuchukue mfano ambao kila mwalimu wa hisabati anaweza kuukagua. Mwalimu amekopa Sh600,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, inayotozwa juu ya salio linalopungua, alipe kwa miaka mitano. Kila mwezi anakatwa takribani Sh13,960. Baada ya miaka miwili, salio lake ni kama Sh408,500, na amebakiza miezi 36 awe huru.

Hapo ndipo wale vijana wa kalenda wanapomfikia. Benki yao inamkopesha Sh500,000 kwa riba ile ile ya asilimia 14, wala haimpunji katika hilo, ila muda wa kulipa sasa ni miaka sita. Deni la zamani linafutwa. Tuseme ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 3, yaani Sh15,000. Mwalimu anatoka na Sh76,500 taslimu, na makato yake ya mwezi yanashuka hadi kama Sh10,300. Amepata fedha, na mshahara umepumua! Nani asiyeshangilia?

Lakini angebaki alikokuwa, angalimaliza deni kwa kulipa jumla ya kama Sh502,600. Alikohamia atalipa kama Sh741,800. Tofauti ni zaidi ya Sh239,000. Ni kweli kwamba katika miaka mitatu ya kwanza atakuwa akibaki na Sh3,660 zaidi kila mwezi, na hilo si jambo la kupuuzwa na mtu mwenye jamaa wanaomtegemea. Hata hivyo, miaka mitatu inayofuata, ambayo ingekuwa yake, ameshaiuza. Na aghalabu haifiki. Baada ya miezi kumi na minane vijana wengine, wa benki nyingine, watabisha hodi katika majilisi yale yale, na hesabu itaanza upya. Kipya kinyemi kingawa kidonda.

Kwa nini walimu hasa? Kwa sababu hati ya mshahara inayotolewa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ni dhamana ambayo haipigwi na ukame wala haichomwi na moto. Makato hufanywa kabla mwalimu hajaushika mshahara wenyewe, au punde unapoingia katika akaunti. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi thuluthi mbili za ujira, ili mfanyakazi abaki na angalau thuluthi moja. Ni sheria njema. Lakini tazama jinsi inavyozungukwa bila kuvunjwa: mwalimu aliyefikia kikomo hawezi kukopa tena, basi muda wa deni lake hurefushwa, makato ya mwezi yakapungua, na papo hapo ikapatikana nafasi ya kumkopesha zaidi. Thuluthi yake imelindwa. Miaka yake haikulindwa.

Sisemi kwamba kila kuhama ni hasara. Anayehamia riba ya chini kwa kweli, bila kurefusha muda, huokoa fedha, na anayeondoka kwa kuchoshwa na huduma mbovu ana haki yake. Tatizo ni kwamba haki hiyo ni ngumu kuitumia pasipo kukopa. Anayetaka kuhama kimyakimya, bila kitita, hujihangaikia mwenyewe, na akiwa na deni hukwama hadi benki ya zamani imwandikie barua. Anayekubali mkopo mpya hutandikiwa zulia na kila karatasi hukimbizwa kwa ajili yake. Tuliona kisa cha jamaa yake katika simu mwaka 2011, ruhusa ilipotolewa ya kuhama kampuni bila kubadilisha nambari. Waliohama walikuwa wachache, maana nambari ilihamika lakini M-Pesa haikuandamana nayo.

Kwa hiyo Benki Kuu na wabunge wana la kufanya: kuweka utaratibu wa siku chache, wenye muda maalumu wa kutolewa kwa barua hizo, utakaomwezesha mwenye mshahara kuhama na deni lake likiwa vile vile lilivyo, kwa muda ule ule uliobaki. Hapo benki itakayomtaka mwalimu italazimika kumpunguzia riba au kumpa zawadi ya kweli itokayo mfukoni mwake yenyewe.

Vyama vya walimu, ambavyo husikika sana wakati wa kudai nyongeza ya mishahara, vingeweza kulivalia njuga jambo hili, kwani nyongeza huishia huku huku.

Nanyi wanafunzi wa vyuo, mnaofunguliwa akaunti kwa fulana na kofia mnapojiunga na mwaka wa kwanza, mnasubiriwa mfuzu na kuajiriwa. Siku mtakapotembelewa majilisini, msiulize kwanza mtapewa kiasi gani. Ulizeni jumla ya fedha mtakazokuwa mmelipa hadi mwezi wa mwisho, iandikwe kwa tarakimu na kutiwa sahihi na afisa mwenyewe, kisha karatasi hiyo iwekeni kando ya ile ya mkopo mlio nao, mzisome zote mbili nyumbani kabla ya kurejesha jibu.