Jezi ya Beki Haimfai Shabiki wa Mzunguko

Siku ya Simba na Yanga, foleni ya kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa huanza wakati jua la Temeke bado liko utosini. Uwanja unachukua watu 60,000, na anayetaka kiti kizuri cha mzunguko hasubiri jioni. Atasimama foleni, atapekuliwa langoni, atabanana na jirani asiyemfahamu, ataimba mpaka sauti ikauke, kisha usiku atagombea daladala. Muda wote huo yumo ndani ya nguo ileile moja.

Cha ajabu, nguo hiyo huichagua kwa mahitaji ya mtu mwingine. Akifika dukani Kariakoo swali lake la kwanza ni kama jezi ni ya mchezaji au ya shabiki, na akiambiwa ni ya mchezaji huongeza hela bila kunung'unika. Ya mchezaji kwa kawaida ni nyepesi, imebana kifuani na kiunoni, na nembo yake imebandikwa kwa joto badala ya kudariziwa. Ni jezi nzuri, ila haikushonwa kwa ajili ya mtu wa kukaa.

Kubana kwake kuna sababu. Kwenye Euro ya 2000, Italia walivaa jezi za Kappa zilizoshika mwili kama ngozi ya pili, na kitambaa chake kilivutika sana. Lengo lilikuwa kwamba beki akimshika mshambuliaji jezi, mwamuzi aone. Italia walifika fainali, wakafungwa na Ufaransa 2-1, na tangu hapo timu nyingi zikaiga mtindo huo. Sasa, shabiki wa mzunguko anavutwa jezi na nani? Labda mwanawe anayetaka aiskrimu.

Na hata uwanjani wepesi una gharama. Juni 2016, Uswisi walipocheza na Ufaransa mjini Lille, jezi kadhaa za Uswisi zilichanika mbele ya kamera, ya Granit Xhaka ikiwemo. Puma, watengenezaji wa jezi hizo, walieleza kwamba kulikuwa na hitilafu katika kitambaa kilichotumika. Mchezaji jezi ikichanika hukimbilia benchi akapewa nyingine. Shabiki aliyechanikiwa begani kabla ya mapumziko ataangalia mpira akiwa hivyohivyo.

Kuhusu kitambaa, wengi hudhani pamba ndiyo mkombozi wa joto. Kwa kulala nyumbani, sawa. Lakini pamba hunywa jasho na kulitunza: hata ikiwa kavu kabatini hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki asilimia 1. Fulana ya pamba ikilowa saa tisa alasiri, Dar es Salaam yenye hewa nzito haitaikausha kabla ya filimbi ya mwisho. Poliesta iliyofumwa vizuri hulisambaza jasho juu ya kitambaa ili upepo ulichukue.

Tatizo liko kwenye hilo neno "vizuri". Poliesta nzito isiyo na matundu ni sawa na kuvaa mfuko wa nailoni, na haijalishi nembo iliyobandikwa juu yake. England walikwenda Kombe la Dunia la 1970 Mexico na jezi za pamba, lakini pamba yenye vitundu vidogovidogo vya kupitisha hewa, kwa sababu mechi nyingine zilichezwa saa sita mchana. Kwa hiyo mnunuzi asiishie kusoma lebo. Aiinue jezi kwenye mwanga aone kama kuna matundu, kisha aiweke mdomoni apulize. Pumzi ikigoma kupita upande wa pili, hata upepo wa Bahari ya Hindi utagoma.

Aangalie pia kifua. Jina la mdhamini likiwa kubwa na limechapwa kwa plastiki nene, hapo kifuani hakuna hewa inayopita, na ndipo jasho linapojikusanya. Jina na namba mgongoni huongeza bamba la pili. Mdhamini analipa, sawa, na klabu inahitaji hela yake. Lakini maandishi membamba husomeka vilevile kwenye televisheni.

Wanawake ndio wanaosahauliwa zaidi. Nike walipoleta jezi za Kombe la Dunia la Wanawake la 2019, walizibuni kwa umbo la wanawake tangu mwanzo, badala ya kupunguza za wanaume. Dar es Salaam kuna Simba Queens na Yanga Princess, na majukwaani wanawake wamejaa, wengine jezi juu ya dera, wengine juu ya baibui. Bado dukani mwanamke hupewa "S ya kiume" inayombana kifuani na kumpwaya mabegani. Anayevaa juu ya nguo nyingine anahitaji saizi moja au mbili zaidi, na anayeuza angepaswa kumwambia hivyo kabla hajalipa.

Hapa ndipo lawama kwa wanunuzi wa jezi feki inapopungua nguvu. Ni kweli feki inainyima klabu mapato. Lakini klabu ikiuza jezi halali ambayo kitambaa chake hakina tofauti na cha machinga wa nje ya geti, inamwomba shabiki alipie mapenzi peke yake. Wapo watakaolipa. Mwenye watoto watatu atapiga hesabu.

AFCON ya 2027 imepangiwa Tanzania, Kenya na Uganda, na jezi za Taifa Stars, Harambee Stars na Cranes zitauzwa kwa watu ambao wengine hawajawahi kununua jezi maishani. Wauzaji wana nafasi ya kuandika kwenye kila pakiti vipimo vya kifua na urefu kwa sentimita, uzito wa kitambaa, na maelezo kama jezi ni ya kubana au ya kupwaya. Duka nalo liwe na chumba cha kujaribia chenye kioo, hata kama ni pazia tu kwenye kona.