Kisu cha Migwani na Mwaka wa 1895

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi, iliyopitishwa Kenya mwaka 2006, imeweka mpaka unaostahili kutazamwa kwa makini. Chombo chochote cha kuhamishika kilichoundwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa kitu cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nje pasipo kibali. Kilichoundwa baadaye hakimo, isipokuwa Waziri akitangaze. Milango ya nakshi, kama ile ya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, imepewa nafasi pana zaidi, kwani hata mlango wa mwaka 1945 umelindwa. Kisu hakikupata fadhila hiyo.

Mwaka 1895 ndio Uingereza ilipotangaza Himaya yake ya Afrika Mashariki. Kwa wanasheria ni mwaka unaoeleweka. Lakini kwa mhunzi wa Ukambani haukubadili chochote katika kazi yake, na hata hapa pwani bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea mpaka 1963. Visu vingi vilivyosalia katika nyumba za bara viliundwa na kizazi cha baada ya mwaka huo, na sheria imevipita kama havipo.

Tuchukue mfano wa sime iliyotoka Migwani, soko lililo kwenye njia ya kutoka Kitui kwenda Mwingi. Sime ya Kikamba ni nyembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea mbele kabla ya kuchongoka nchani. Ina makali pande zote mbili na uti uliosimama katikati. Mpini umevikwa ngozi, na ala pia ni ya ngozi, aghalabu iliyotiwa rangi nyekundu. Wakikuyu na Wamasai wanazo za namna hiyo, na biashara na vita vimezichanganya, kwa hiyo umbo peke yake halitoshi kumtambulisha mwenyewe.

Shahidi mkubwa ni chuma chenyewe. Wahunzi wa zamani waliyeyusha mchanga mweusi uliokusanywa mitoni. Chuma cha namna hiyo ni laini, hakina unene ulio sawa, na ukikitazama juani huona michirizi ya mavi ya chuma yaliyonaswa ndani wakati wa kufuliwa. Baadaye kikaja chuma cha biashara, na baada ya reli, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na magari yaliyoifuata, mhunzi akapata tupa zilizochakaa na springi za gari. Kisu cha tupa mara nyingine huonyesha alama za meno ya tupa karibu na mpini. Cha springi ni kigumu, hupindika kikarudi, na unene wake ni sawa.

Basi kisu cha springi ya gari tunaweza kuapa kuwa ni cha baada ya 1895. Lakini cha chuma cha mchanga hatuwezi kuapa kuwa ni cha kabla yake, maana wahunzi hawakuzima matanuri yao kwa siku moja. Ofisa wa forodha atakayewekewa sime mezani ataulizwa swali ambalo hata bingwa hulijibu nusu tu.

Ndipo walanguzi wanapopata mwanya. Kisu kipya hufukiwa katika udongo wa maji au kupakwa tindikali, kikauzwa kwa mgeni kuwa cha babu. Kutu ya hila huenea sawasawa kila mahali, ilhali uzee wa kweli una upendeleo: makali yameliwa na kinoo upande mmoja, mpini unang'aa pale kiganja kilipokaa. Na kile cha babu kweli kweli, muuzaji hukipiga msasa kikametameta, akafuta kwa saa moja yale ambayo yangetuambia umri wake.

Rangi nyeusi au kahawia iliyotulia juu ya chuma si uchafu, iachwe. Inayodhuru ni kutu ya rangi ya machungwa inayotoka unga. Hiyo husuguliwa polepole kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa na tone la mafuta ya cherehani, bila ndimu wala majivu. Mafuta ya nazi hayafai, kwani huchacha na kunata vumbi. Kisu kilichodumu miaka themanini katika ukavu wa Migwani kikiletwa Mombasa hukutana na hewa ya chumvi, kikaanza kuliwa katika majira moja. Kitolewe katika ala, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu, na viwili hivyo viwekwe kando kando. Asiguse mtu kwa mikono ya jasho. Kama kilikaa na mishale, tahadhari zaidi: sumu ya msunguti hukaa miaka mingi, na kidonda kidogo kinatosha kuipitisha.

Lililo zito kuliko kutu ni jina. Mradi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho za Cologne na Frankfurt, uliofanyiwa maonyesho Nairobi mwaka 2021, uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho za nje. Orodha ni hatua kubwa. Lakini kitu kilichoandikwa kabila lake tu, pasipo kijiji wala mwenyewe, mjukuu atakidai kwa hoja gani? Vigango vya Wamijikenda viliporudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, palikuwa na picha na familia iliyovitambua. Karatasi moja iliyoandikwa Migwani leo, yenye jina la mhunzi, la mwenye kisu na la mtaa, ina nguvu kuliko maneno ya sheria.

Na wasomaji wa pwani wasidhani habari hii ni ya Ukambani pekee. Misafara ya Wakamba, akina Kivoi wa Kitui, ilileta pembe Mombasa katika karne ya kumi na tisa, na majumbani mwetu mna majambia yaliyovuka bahari kutoka Omani na Hadhramaut. Mirathi ikigawanywa, jambia huuzwa upesi ili kila mrithi apate fungu lake, na hakuna anayeandika lilikuwa la nani. Wenzetu wa Omani wamefanya vingine: khanjari yao, pamoja na ufundi wake, iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2022. Anayeuza aangalie pia mpini. Ukiwa wa pembe ya kifaru au ya ndovu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yataka kibali hata kwa kuwa nao tu nyumbani, sembuse kuupeleka sokoni.