Gari la Zamani Lichemkalo Likisimama

Kampala si mji wa joto kali. Umekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za ubaridi wa kupendeza. Hata hivyo, mwenye gari la zamani apitaye mzunguko wa Kibuye wakati wa jioni, au makutano ya Wandegeya watu waendapo kazini, aghalabu huiona ajabu hii: foleni ikisimama, mshale wa geji ya joto huanza kupanda polepole hadi karibu na alama nyekundu, foleni ikisogea na upepo ukapatikana, mshale hushuka tena kana kwamba hapakuwa na neno. Kwa kuwa ugonjwa huu hujiponya wenyewe, wengi huupuuza, mpaka siku ile foleni isiposogea.

Saa ambayo joto hupanda ndiyo ushahidi wa kwanza, nao haugharimu hata senti. Gari likienda kwa kasi, upepo wa barabarani hupenya katika rejeta kwa nguvu, na feni haina kazi kubwa. Gari likisimama upepo huo hukoma, na kazi ya kuvuta hewa huiangukia feni peke yake. Kwa hiyo gari lichemkalo likisimama na kupoa likikimbia, mara nyingi lina kasoro ya hewa: feni, mkanda wake, au vumbi na wadudu walioziba mapezi ya rejeta kwa nje. Gari litulialo likisimama na kuchemka likipanda mlima au likienda mbio, hilo mara nyingi lina kasoro ya maji: rejeta iliyoziba ndani kwa kutu, au mpira wa chini unaonywea. Na lile lichemkalo kila mahali, hilo hapana budi litazamwe themostati, pampu ya maji, na zaidi ya yote gasketi ya silinda hedi. Fundi ashikaye spana kabla ya kuuliza swali hili hutibu kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye gari.

Koplo mmoja wa polisi akaaye Nsambya aliijua gharama hiyo. Marehemu baba yake alimwachia Peugeot 504, nalo si gari la kujionyesha. Ndilo limpelekalo mama yake mzazi hospitali ya Mulago kila mwezi kwa maradhi ya moyo. Barabara ya Entebbe lilikwenda vizuri kabisa. Lakini Wandegeya, miezi miwili mfululizo, mvuke ulitoka chini ya boneti, na mara ya pili bibi mzee alilazimika kuteremka na kupanda kilima cha Mulago kwa miguu, akipumzika kila hatua chache. Jioni ile mkewe koplo hakuzungusha maneno. “Baba watoto,” alisema, “ama gari hili lipone, ama liuzwe. Mama hawezi kupanda kilima kile tena.”

Fundi wa kwanza aliitazama rejeta kwa mbali akasema, “Afande, rejeta imekufa.” Bei aliyoitaja ilizidi mshahara wa mwezi. Koplo alipoomba muda wa kutafuta fedha, fundi aling'oa themostati na kuitupa, akisema kuwa bila ya kizuizi hicho maji yatapita upesi na injini itapoa. Hii ni desturi iliyoenea katika karakana nyingi za Afrika Mashariki, nayo ni desturi mbaya. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende katika rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha kufunguka. Iking'olewa, injini huenda ikiwa baridi mno, hula petroli, na oili huchukua unyevu. Ikiwa tatizo ni uhaba wa hewa katika rejeta, kupitisha maji upesi hakuongezi hewa hata kidogo. Ndivyo ilivyotukia: barabara ya Entebbe mshale haukuinuka tena, na Wandegeya gari likachemka kama kawaida.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa umeme wa magari, mwenye kazi yake Katwe. Yeye aliuliza tu, “Lachemka likiwa wapi?” Alipojibiwa, aliinua boneti, akaiacha injini ingurume gari likiwa limesimama, akakaa juu ya kopo akitazama. Baada ya muda mshale ulipanda. Feni ilikuwa ikizunguka kivivu, kama pangaboi la ofisini umeme ukiwa hafifu, wala haikubadilika.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo mafundi wengi vijana hawakufundishwa. Katika magari mengi feni ya zamani imefungwa moja kwa moja na mkanda, nayo huzunguka daima. Peugeot walifanya vingine katika 404, kisha katika 504 iliyotoka mwaka 1968. Kitovu cha feni kina sumaku ya umeme. Injini ikiwa baridi, feni huachwa huru isile nguvu za injini bure. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kwenye brashi ndogo ya kaboni, brashi huupitisha kwenye koili ya kitovu, sumaku hushika, na feni huanza kuzunguka kwa nguvu kwa mvumo usikikao waziwazi. Ni uhodari mkubwa wa ufundi. Magari hayo yalijipatia sifa katika mashindano ya Safari: 404 ilishinda mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Ila katika mashindano upepo wa mwendo haupungui. Foleni ya mjini ni mtihani wa namna nyingine.

Mzee aliizima injini. Akachukua waya kutoka upande wa chanya wa betri, akaugusisha kwenye waya wa brashi, akatega sikio. Kama koili na brashi vingekuwa vizima, kitovu kingetoa mlio mdogo wa “tik” kikishika, na lawama ingehamia kwenye swichi au fyuzi. Hapakuwa na mlio. Akaichomoa brashi: ilikuwa imelika hata haifiki tena kwenye kitovu. Kipande hicho hakizidi ukucha wa kidole gumba. Koplo aliagizwa soko la Kisekka akatafute brashi ya motaa ya kuwashia gari, na mzee akaipunguza kwa tupa mpaka ikakaa sawasawa. Themostati mpya ikatiwa mahali pake siku hiyohiyo. Fedha zote pamoja hazikufika sehemu ya kumi ya bei ya rejeta.

Mwenye Land Rover au Morris asiye na sumaku hiyo na aanze na mkanda. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya safari yake ndefu, uingie kiasi cha sentimita moja na nusu. Ukilegea zaidi, huteleza. Kadhalika atazame kama kile kibweta kiizungukacho feni kipo. Wengi hukiondoa ili kurahisisha kazi, wasijue kuwa bila yake feni hurudisha hewa ileile ya moto. Jambo jingine lisahauliwalo ni taimingi: cheche zikichelewa, moto huishia katika njia ya moshi na kuzipasha kuta za injini, na dalili yake huonekana kwanza gari likiwa limesimama. Mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe hana rejeta, basi habari za rejeta si zake.

Kifuniko cha rejeta nacho kina neno. Kwa urefu wa Kampala maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi za sentigredi, si 100 kama Mombasa. Springi ya kifuniko huyabana maji yasichemke upesi. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, maji humwagika mapema. Na kwa sababu hiyo hiyo ya mbano, kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, na watoto wasiruhusiwe kukaribia. Maji yaliyobanwa yakiachiwa hulipuka kuwa mvuke, na huunguza uso na mikono kwa dakika isiyofika.

Mtu akinaswa katika foleni mshale ukipanda, na afungue hita yote pamoja na feni yake, ijapokuwa atatoka jasho, kwani hita ni rejeta ya pili. Akiona foleni haisogei, aizime injini. Kama maji yamekwisha mwagika, angoje nusu saa au zaidi, kisha atie maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa kwa ghafla katika injini ya moto huweza kuipasua. Silinda hedi ya 504 ni ya aluminiamu, nayo hujikunja ikichemshwa mara nyingi.

Kwa hiyo gari lililokwisha chemka likaguliwe hata baada ya feni kutengenezwa. Oili ikiwa na rangi ya maziwa chini ya kifuniko chake, mapovu yakitoka mfululizo katika rejeta injini ikinguruma, au moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto, gasketi imekwisha toboka. Hapo silinda hedi hufunguliwa, hupimwa kwa rula ya chuma, na ikiwa imejikunja hupelekwa kusawazishwa kwa mashine kabla ya gasketi mpya kutiwa.